Klabu ya jogingi ikienda kusaidia bustani ya mtaa

Wana jogingi wa Dar mnaotaka kujitolea kwenye bustani ya mtaa, siku ya kwanza msishike palizi. Mchicha ukiwa bado mchanga ni rahisi kuudhania magugu, na kundi lenye ari linaweza kung'oa tuta zima kabla msimamizi hajageuka. Ombeni kazi za nguvu: kubeba samadi, kuchota maji, kutifua matuta mapya. Palizi mtafundishwa taratibu.

Mbio za siku hiyo ziwe fupi, kilomita 4 au 5 tu, mfike bustanini saa 12:30 asubuhi. Ikishafika saa 3 jua letu halina utani, na maji ya kumwagilia mengi yanaishia hewani. Kushika jembe baada ya kilomita 15 ni kujitafutia maumivu ya kiuno.

Muulizeni msimamizi mapema amepungukiwa nini. Huenda watu anao, ila hana ndoo wala keni za kumwagilia. Na raba za kukimbilia ziacheni pembeni, mvae buti za mvua (samadi na raba nyeupe haviivi).

Kwa maoni yangu, watu wawili wawili kwa zamu kila jioni wanafaa kuliko umati wa mara moja kwa mwezi unaopiga picha na kuondoka. Zamu hizo zikazwe Januari na Februari, joto likiwa kali. Masika yakianza Machi, mvua itawapunguzia kazi ya ndoo.