Kukagua kama msimbo bado unafuata usanifu, kwa kutumia modeli ya lugha

Hati ya usanifu ikikaa mbali na msimbo huzeeka kimyakimya. Iweke pamoja na msimbo katika hifadhi ileile ya Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo), kwa mfano docs/usanifu.md, na uiandike kama kanuni zenye namba, si insha. "Malipo yawe salama" haikaguliki. Kwa mfumo unaopokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja (API ya Safaricom), andika hivi:

K7: Jibu la M-Pesa lenye CheckoutRequestID (utambulisho wa ombi la malipo) iliyokwisha kuandikwa lisiongeze salio tena.
K8: Moduli ya leja (daftari la salio) isitegemee moduli ya arifa.

K8 usiipeleke kwa modeli. ArchUnit kwa Java au import-linter kwa Python huikagua bila kubahatisha. Modeli iachie kanuni kama K7, ambazo lazima msimbo usomwe na kueleweka.

Kosa la kawaida ni kuipa modeli diff peke yake, yaani orodha ya mistari iliyobadilika. Git huonyesha mistari 3 tu kila upande wa badiliko, na huenda ukaguzi wa marudio uko mistari 40 juu, au ni sharti la UNIQUE (linalokataa thamani kujirudia) kwenye hifadhidata. Modeli isipouona italalamika bure. Tumia git diff -W, inayoleta funksheni nzima, kisha ambatisha faili la muundo wa majedwali.

Usiulize "je, msimbo huu uko sawa?" Utajibiwa ndiyo. Kwa kila kanuni dai jibu moja kati ya manne: imefuatwa, imevunjwa, haihusiki, haijulikani. Hilo la nne ni muhimu kuliko linavyoonekana, maana bila hilo modeli hukisia. Dai pia mstari wa ushahidi, neno kwa neno, kisha skripti yako iutafute kwenye faili. Usipopatikana, jibu litupwe.

Kanuni ikivunjwa, modeli isiruhusiwe kuirekebisha hati. Itaandika hitilafu kama kanuni mpya, na hati na msimbo vitapatana daima huku wateja wakiongezewa salio mara mbili. Mtu ndiye aamue kipi kimekosea.

Kabla ya kuiamini, fungua tawi la majaribio katika Git (nakala ya kando ya msimbo), ondoa ukaguzi wa K7 makusudi, uendeshe mara 5. Hata temperecha (kipimo cha modeli kubahatisha maneno) ikiwa 0, majibu yanaweza kutofautiana. Ikikosa hata mara moja, iandike upya kanuni. Rudia kila unapobadilisha toleo la modeli, na hadi hapo iache itoe maoni tu, isizuie mabadiliko kuunganishwa kwenye msimbo mkuu.