Somo: Kuiandaa Nyumba ya Mombasa kwa Majuma Mengi Bila Maji wala Umeme

Wakazi wa Mombasa tumezoea mfereji kukauka siku mbili tatu, na mazoea hayo hutufanya tudhani kwamba tuko tayari kwa lolote. Kukosa huduma kwa mwezi mzima ni jambo jingine kabisa. Maji yetu mengi hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere katika Shimba Hills, na Tiwi. Visima vya Baricho na Tiwi hutegemea pampu, kwa hivyo umeme ukipotea kwa muda mrefu, maji nayo hufuata. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Hebu fikiria hali hiyo ikiendelea kwa majuma manne. Ndiyo sababu nitazungumzia maji zaidi kuliko jambo jingine.

Hatua ya kwanza: maji. Mashirika ya misaada huhesabu lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini cha mahitaji yote. Kwa kunywa na kupika pekee, tenga lita 5. Familia ya watu sita kwa siku 14 itahitaji lita 420, yaani mitungi 21 ya lita 20. Usinunue yote kwa mkupuo. Ongeza mmoja mmoja kila upatapo nafasi. Chagua mitungi iliyokuwa na mafuta ya kupikia, kamwe si iliyobeba mafuta ya taa au dawa, na uteke kwa kumimina badala ya kuchovya kata, kwa maana mkono ndio unaoingiza maradhi.

Maji yaliyo safi kwa macho hutibiwa kwa dawa ya klorini isiyo na manukato. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 5, tia matone 2 kwa kila lita, koroga, kisha subiri dakika 30. Harufu hafifu ya klorini ndiyo dalili kwamba imefanya kazi, na isiposikika, rudia kipimo kilekile. Chupa yenye nguvu tofauti ina kipimo chake, basi soma kibandiko. Dawa hiyo hudhoofika upesi kwa joto letu, kwa hivyo usiilimbikize kwa miaka. Maji ya matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa.

Mwenye paa la mabati afunge mfereji wa kukinga mvua kabla ya masika. Milimita 10 za mvua juu ya mita 40 za mraba hutoa takriban lita 400, ingawa sehemu hupotea, na maji ya mwanzo yanayoosha paa yaachwe yaende. Kila pipa lifunikwe au lifungwe kitambaa mdomoni: mbu wa dengi huzaliana katika maji tuliyohifadhi nyumbani, na Mombasa imekwisha kupatwa na milipuko ya homa hiyo.

Hatua ya pili: chakula. Unyevu wa pwani huharibu unga haraka, kwa hivyo weka akiba ya pojo, mbaazi, mchele na mahindi yasiyosagwa. Yaanike juu ya mkeka hadi punje ivunjike kwa mlio ukiiuma, ndipo uyafunge katika ndoo zenye vifuniko vya kubana. Yenye kuvu yatupwe bila huruma; mwaka 2004 aflatoksini, yaani sumu itokanayo na kuvu, iliwaua watu 125 nchini, wengi wao Ukambani.

Hatua ya tatu: moto, mwanga na fedha. Jiko la makaa lisiwashwe wala kuachwa katika chumba kilichofungwa, hata mvua inyeshe vipi, kwa kuwa hewa yake huua bila harufu. Taa ya sola inatosha. Weka noti ndogo ndogo, kwani mtandao ukizima, pesa za simu hazitoki.

Maswali ya wanachama

*Asalaam aleikum maalim. Mimi naishi ghorofa ya nne, Tudor. Pipa kubwa niliweke kwenye veranda?*

Waaleikum salaam dadangu. La. Pipa la lita 200 likijaa lina uzito wa kilo 200 bila kuhesabu lenyewe. Tawanya mitungi kandokando ya kuta za ndani. Na kwa kuwa choo cha kuvuta hakitafanya kazi, tayarisha ndoo mbili, moja ya mkojo na nyingine ya haja kubwa, hiyo ya pili ikifunikwa kwa majivu kila inapotumika.

*Kisima chetu Likoni kina chumvi. Nikiyachemsha maji, itatoka?*

Haitatoka ndugu yangu. Maji yakipungua chumvi huzidi, na klorini pia haiiondoi. Yatumie kufulia na kusafishia choo. Hata kisima chenye maji matamu kitiliwe shaka ikiwa vyoo vya shimo viko karibu, kwa sababu mwamba wetu wa matumbawe hupitisha uchafu kwa wepesi.

*Mamangu hutumia insulini. Friji ikizima nifanyeje?*

Weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, umwagilie maji asubuhi na jioni, kisha ukiweke kivulini penye upepo. Dawa ikae ndani ya mfuko usiopitisha maji. Unyevu wetu hupunguza ubaridi wa chungu, kwa hivyo kinasaidia lakini hakichukui nafasi ya friji. Mwulizeni daktari wake sasa, kabla ya shida, chupa iliyofunguliwa hudumu siku ngapi nje ya friji, na kama anaweza kumwandikia akiba ya ziada.