Nyama ya kusaga na chipsi za tortila kwenye oveni, bila chipsi kulowa

Adui wa chakula hiki ni maji. Nyama ya kusaga hutoa maji, nyanya hutoa maji, maharage ya kopo huja na ute wake, na chipsi za tortila, ambazo zimekaangwa mpaka zikakauka karibu kabisa, huyanyonya yote. Ndiyo sababu bakuli hili mara nyingi hutoka kwenye oveni likiwa na uji wa mahindi chini na jibini ngumu juu. Ukishayadhibiti maji, kinachobaki ni kazi ya saa moja hivi, na karibu theluthi ya muda huo oveni inajifanyia yenyewe.

Chipsi zenyewe si za viazi. Ni vipande vya pembetatu vya tortila, ule mkate bapa wa mahindi wa Meksiko, vilivyokaangwa au kuokwa vikakauka. Mahindi yake huchemshwa na kulowekwa kwenye maji ya chokaa kabla ya kusagwa, na hapo ndipo inapotoka harufu yake, ambayo unga wa kawaida wa mahindi hauna. Nunua zilizo nene, zenye chumvi peke yake. Nyembamba ni nzuri kwa kutafuna hivihivi, lakini zikibeba rojo la moto huvunjika mara moja. Zile zilizopakwa viungo vya jibini au pilipili uziache: zitapigana na viungo vyako na kuongeza chumvi usiyoweza kuipima. Kama una tortila za mahindi nyumbani, kata kila moja vipande 6, vipake mafuta kidogo, vitandaze bila kupandana na uvioke kwa nyuzi 175 za Selsiasi dakika 12 hadi 15, ukivigeuza katikati ya muda. Tortila za ngano hazifai sana hapa, hulegea upesi.

Kwa watu 5 au 6, kwenye bakuli la oveni la takriban sentimita 20 kwa 30 lenye kina cha sentimita 5, andaa:

- Nyama ya ng'ombe ya kusaga (kima), gramu 500, yenye mafuta asilimia 10 hadi 20
- Chipsi za tortila, gramu 200
- Jibini, gramu 250
- Kitunguu maji 1 kikubwa na pilipili hoho 1, vyote vikatwe vidogovidogo
- Kitunguu saumu, punje 3, zisagwe
- Nyanya nzito ya kopo, vijiko 2 vya mezani
- Nyanya zilizokatwakatwa za kopo, gramu 400, au nyanya mbichi 5 zilizomenywa na kutolewa mbegu
- Maharage yaliyoiva, kikombe 1 na nusu (gramu 240)
- Mahindi matamu, gramu 150
- Binzari nyembamba ya unga (jira), vijiko 2 vya chai
- Unga wa giligilani na paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali), kijiko 1 cha chai kila kimoja
- Pilipili kali ya unga, robo hadi nusu kijiko cha chai
- Chumvi, nusu kijiko cha chai kwa kuanzia
- Mafuta ya kupikia, kijiko 1 cha mezani
- Vya kuwekwa juu mwishoni: krimu chachu au mtindi mzito, majani ya giligilani, parachichi, ndimu

Kuhusu jibini: nunua kipande ukune mwenyewe ikiwa bado baridi kutoka friji. Iliyokunwa kiwandani hutiwa wanga au unga mwingine mkavu ili isigandane kwenye mfuko, na unga huohuo huizuia isiyeyuke ikawa laini. Cheddar changa ndiyo inayofaa zaidi. Mozzarella pekee huvutika vizuri lakini ladha yake ni hafifu, hivyo changanya nusu kwa nusu na cheddar. Jibini iliyokomaa miezi mingi huachia mafuta juu ya chakula, kwa hiyo tumia kidogo tu kwa ajili ya ladha.

Na kuhusu maharage: kwa siku ya kazi tumia ya kopo au uliyoyachemsha mapema. Ukianza na maharage mekundu makavu, yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto mpaka yaive. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika, na moto mdogo peke yake hauiondoi.

Washa oveni kwanza, nyuzi 190 (170 kama ina feni). Suuza maharage, yaache yachuje kwenye chujio. Mahindi matamu vilevile. Ikandamize nyama kwa karatasi ya jikoni ili ikauke juu.

Sasa nyama, hatua ambayo wengi huiharakisha na kuipoteza. Tumia kikaango kipana, sentimita 28 au zaidi, chenye kitako kizito. Kipashe moto mkali dakika 2, weka mafuta, halafu tandaza nyama kama mkate mmoja bapa na usiiguse kwa dakika 3. Nyama haiwezi kubadilika rangi ikawa ya kahawia ikiwa imekaa kwenye maji, kwa sababu maji hayapandi zaidi ya nyuzi 100, na ule ukahawia wenye ladha unahitaji joto la nyuzi 140 hivi kwenda juu. Ukiigeuzageuza mapema, au ukiijaza kwenye sufuria ndogo, itatoa maji yote kwa pamoja na kuchemka ndani yake, ikatoka ya kijivu, yenye harufu ya kuchemshwa. Chini ikishashika rangi, igeuze kwa mafungu, iache dakika 2 zaidi, ndipo uivunjevunje kwa mwiko.

Maji yakijaa hata hivyo, usiongeze kitu kingine. Acha moto ule ule na usikilize: mlio mzito wa kutokota utageuka kuwa mlio mkali wa kukaanga. Hapo maji yamekwisha. Nyama ya kusaga lazima iive mpaka ndani, nyuzi 71, tofauti na kipande kizima cha nyama, kwa kuwa bakteria waliokuwa juu ya nyama wamechanganywa kote wakati wa kusaga. Vipande vidogo kwenye kikaango hufika joto hilo bila shida, ila mabonge makubwa yanaweza kubaki mekundu katikati. Yavunje.

Inamisha kikaango, chota mafuta yaliyotoka, bakiza kama kijiko 1 cha mezani. Nyama yenye mafuta asilimia 20 ina gramu 100 za mafuta katika nusu kilo, na yakibaki yote yatapanda juu ya jibini na kuifanya chipsi iwe nzito mdomoni. Usiyamwage kwenye sinki, yataganda kwenye bomba.

Punguza moto uwe wa wastani. Tia kitunguu maji na hoho, kaanga dakika 5 mpaka vilegee, kisha kitunguu saumu kwa nusu dakika. Viungo vya unga vifuate sasa, kabla ya kitu chochote cha majimaji, ukoroge kwa dakika 1. Harufu ya binzari nyembamba hutoka vizuri kwenye mafuta kuliko kwenye maji, na ukivitia baada ya nyanya utapata ladha ya vumbi. Ongeza nyanya nzito ya kopo, ikaange dakika 2 mpaka wekundu wake ukolee na kuelekea rangi ya tofali. Ladha ya kopo huondoka hapo.

Mimina nyanya zilizokatwa, maharage, mahindi na chumvi. Ponda robo ya maharage kwa mgongo wa mwiko ndani ya kikaango: wanga wake hushika maji yaliyobaki na kulifanya rojo liwe zito bila kutia unga. Acha litokote bila kifuniko dakika 8 hadi 10. Usiongeze maji wala supu. Kipimo cha kuiva ni hiki: pitisha mwiko katikati ya kikaango mpaka uone kitako. Njia hiyo ikibaki wazi kwa sekunde 3, rojo liko tayari. Ikifunga papo hapo, ongeza dakika 3 ujaribu tena. Afadhali libaki zito kuliko unavyodhani linapaswa kuwa, maana hoho na mahindi bado yatatoa maji kidogo kwenye oveni.

Onja ukitumia chipsi, si kijiko. Chipsi zina chumvi, jibini ina chumvi, na rojo lililokolea sawasawa likiwa peke yake litazidi likikutana na vyote viwili. Kama umetumia mchanganyiko wa viungo wa pakiti, huo nao kwa kawaida una chumvi ndani yake, hivyo usitie nyingine kabla ya kuonja. Epua, acha lipumue dakika 5 ili mvuke utoke hapa na si chini ya jibini.

Kupanga ni haraka. Tandaza gramu 120 za chipsi chini ya bakuli zikiwa zimelala, usizivunje. Nyunyiza theluthi ya jibini moja kwa moja juu yake. Ikiyeyuka inakuwa kama mfuniko wa mafuta kati ya chipsi na rojo. Mwaga rojo lote, lisawazishe, nyunyiza theluthi ya pili ya jibini. Ingiza kwenye oveni, ngazi ya katikati, bila kufunika kwa foili, dakika 15, mpaka kingo zianze kutokota. Foili hunasa mvuke, na mvuke ndio tunaoukimbia.

Toa bakuli. Chomeka gramu 80 za chipsi zilizobaki juu, nyingine zikiegemea, ncha zikitazama juu, kisha nyunyiza jibini ya mwisho. Rudisha dakika 5 hadi 7 tu. Jibini ikishayeyuka na kung'aa, imetosha. Ikiendelea kupigwa moto, protini zake hujikaza, mafuta hutoka, na kinachobaki hutafunika kama mpira. Chipsi za juu zikiwekwa tangu mwanzo huungua ncha kabla ya katikati kupata moto.

Acha bakuli litulie dakika 5 mezani ili tabaka zishikane na uweze kuchota kipande kizima. Krimu au mtindi uwekwe sasa, kwenye sahani, kwa sababu ukiingia kwenye oveni hukatika na kuachia maji yake. Kamulia ndimu, nyunyiza giligilani. Tabaka la chini litakuwa limelainika kidogo lakini bado linashikika, na la juu litavunjika kwa mlio. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Anayetaka chipsi zote ziwe kavu apike rojo na jibini peke yake, achovye.

Kama huna oveni, tumia sufuria zito lenye kifuniko. Weka rojo chini, jibini juu yake, moto mdogo kabisa, na ufunge kitambaa safi cha jikoni ndani ya kifuniko kinyonye mvuke, ncha zake zikiwa zimekunjwa juu mbali na moto. Dakika 8 zinatosha jibini kuyeyuka. Chipsi zote ziingie mwishoni, baada ya kuepua. Ukitumia makaa, palia juu ya kifuniko na chini ubakize machache. Katika hali hiyo kitambaa hakihusiki.

Kosa jingine la kawaida ni kutumia rojo lililotoka friji. Rojo baridi huhitaji dakika 30 au zaidi kupata moto katikati, na muda wote huo chipsi za chini zinalowa. Lipashe kwenye kikaango kwanza mpaka litoe mvuke, ndipo upange. Rojo lenyewe ni zuri kupikwa mapema: hukaa siku 3 hadi 4 kwenye friji ya nyuzi 4 au chini yake, na miezi 2 hadi 3 likigandishwa. Pika maradufu Jumapili, gandisha nusu, na siku ya kazi itakubaki kukuna jibini na kuwasha oveni. Chipsi usizipange hata saa moja kabla ya kuoka.

Chipsi zilizofunguliwa siku nyingi na kulegea bado zinafaa. Zitandaze kwenye trei, oveni nyuzi 160, dakika 5, ziache zipoe. Unyevu zilioushika utatoka na ugumu utarudi. Ila kama zinanuka mafuta ya zamani, tupa. Moto hauondoi harufu hiyo.

Kilichobaki kiingie friji ndani ya saa 2 tangu kutoka kwenye oveni. Siku ya pili kipashe kwa nyuzi 180, dakika 15 hadi 20, mpaka katikati pafike nyuzi 74, kikiwa kimetandazwa na si kurundikwa, na uongeze konzi ya chipsi mpya dakika 3 za mwisho. Maikrowevu hupasha haraka lakini hufanya kila kitu kiwe laini. Ukilazimika kuitumia, vunjia chipsi kavu juu ukishamaliza.