Jinsi ya kutoa taarifa NTSB ndege ya mafunzo ikipata ajali kwa upepo wa ubavuni

Mwongozo huu ni kwa vijana wetu wanaosomea urubani Marekani, ambako NTSB ndiyo bodi ya taifa inayochunguza ajali za usafiri. Ndege nyepesi kama Cessna 172 ikipigwa na upepo wa ubavuni inapotua, inaweza kuchepuka njia, kuvunja gurudumu la pua na kugongesha bawa chini. Mkishatoka salama, huku mafuta yamefungwa na swichi kuu imezimwa, fuateni kanuni za shirikisho la Marekani, 49 CFR Sehemu ya 830.

Kwanza hakikisheni kama kisheria hiyo ni ajali. Ni ajali iwapo mtu amefariki au ameumia vibaya, kwa mfano kulazwa zaidi ya saa 48, au ndege imeharibika kiasi cha kupungua uimara au uwezo wake wa kuruka na kuhitaji matengenezo makubwa. Tairi, breki, magurudumu na miguu yake, flapu (vibao vya nyuma ya bawa), ncha za mabawa na pangaboi lililopinda kwa kugonga ardhi havihesabiwi. Hapa ndipo wengi hukosea. Gurudumu la pua likishuka kwa kishindo, bati linalotenganisha injini na chumba cha rubani huweza kukunjamana, na ukitazama kwa nje huoni kitu. Fundi avue kava la injini na kumulika kwa tochi kabla hamjasema ni tairi tu.

Ikiwa ni ajali, mwendeshaji wa ndege, ambaye kwa kawaida ni shule, anatakiwa kuiarifu NTSB mara moja. Andaeni aina ya ndege na namba ya usajili, mmiliki, jina la rubani, tarehe na saa, mahali, ilikotoka na ilikokuwa ikienda, idadi ya watu na majeruhi, hali ya hewa na uharibifu. Mwanafunzi, uliza kwa adabu kama simu imeshapigwa, usikisie.

Ndege isiguswe mpaka NTSB iruhusu, isipokuwa kwa kuokoa majeruhi, kuikinga isiharibike zaidi, au kuwakinga watu wengine. Uwanja utataka njia ifunguliwe haraka. Ikibidi kuisogeza, pigeni picha na kuchora ramani kwanza, na msisahau alama za matairi kwenye lami, maana mvua ikinyesha zimekwenda. Vitabu vya matengenezo navyo vihifadhiwe.

Halafu ijazwe fomu ya NTSB 6120.1 ndani ya siku 10. Kila aliyekuwa akiendesha aambatishe maelezo yake. Andika ulichokiona na ulichokifanya, kwa tarakimu: “Njia 21, upepo digrii 240, noti 14.” Njia 21 huelekea digrii 210, hivyo kwa tarakimu hizo mchunguzi anapata upepo wa ubavuni wa noti 7 (noti ni maili ya baharini kwa saa). “Upepo ulikuwa mkali” hakumsaidii yeyote. Usijilaumu wala kumlaumu mkufunzi. Andika ulikanyaga pedali ipi, lini, na ndege ilifanya nini.

Kuna sehemu inayouliza ajali ingezuiwaje, na wengi huiacha tupu. Tafadhali ijaze, maana wewe ndiye uliyekuwa kwenye usukani.

Ripoti ya siri ya ASRS, mfumo wa kuripoti usalama wa anga unaoendeshwa na NASA, haichukui nafasi ya fomu hii, na kinga yake dhidi ya adhabu haihusu ajali.

Aliyeumia asiyeweza kuandika halazimiki kuwahi siku hizo 10. Atatuma maelezo yake mara tu apatapo nguvu.