Jinsi ya kumhamishia mtu Linux bila kumkimbiza

Wadau, hii naandika kwa wenzangu wenye ugonjwa wa Linux, ule mfumo wa kompyuta wa bure unaokaa badala ya Windows, maana sisi tukishaonja tunataka mtaa mzima uonje, halafu tunashangaa watu wakituona wanabadilisha njia. Shida siyo Linux, shida ni namna tunavyowapokea watu.

Nichukulie dada mmoja mwenye steshenari huku kwetu Mbagala: kutaipu, kutoa kopi, kuskani, msimu wa mikopo ya chuo ukifika ndo anapata hela yake. Laptopu ina ramu GB 4 na diski ya zamani ile inayozunguka, Windows 10, akiiwasha asubuhi anaenda kununua chapati, anarudi, bado inawaza. Na Microsoft sapoti ya Windows 10 walishaifunga Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo mashine yake haina.

Hatua ya kwanza: funga mdomo. Usianze na historia ya Linux, Stallman aliyeanzisha mradi wa GNU 1983 sijui Torvalds aliyeanzisha Linux yenyewe 1991, hayo matamu lakini mtu ana wateja mlangoni. Muulize mashine anaifanyia nini, halafu kaa pembeni nusu saa utazame. Mimi niliona Word, Excel kidogo, PDF, printa, na WhatsApp ya kwenye brauza ambako wateja wanatuma faili zao. Basi. Vyote hivyo vinafanyika. Angekuwa anachora ramani za nyumba kwa AutoCAD ningemwambia dada baki hukohuko, na ukimwambia mtu ukweli kama huo siku nyingine anakuamini.

Pili, daunlodi ukiwa kwako. Faili la Linux Mint, moja ya aina za Linux, ni kama GB 3, usimalize bando la mtu kwa mapenzi yako wewe. Mgeni nampa Mint kwa sababu menyu iko chini kushoto palepale alipozoea, na kwa ramu ya GB 4 nachukua toleo lake jepesi linaloitwa Xfce. Lichukue kwenye tovuti yao wenyewe, hakikisha ile namba ya SHA256 inalingana na ya kwao, ujue faili halijaharibika, halafu uliandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya balenaEtcher au Rufus. Flashi itafutwa yote, kwa hiyo siyo ile yenye nyimbo za kwaya.

Tatu, washa mashine kwa flashi. Wakati inawaka, Dell na Lenovo nyingi kitufe ni F12, HP bonyeza Esc halafu F9. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski kabisa, na hapa ndo pa kukaa muda mrefu, saa nzima ikibidi. Mpe kiti akae yeye, mausi ashike yeye, wewe mikono mfukoni. Hii ndo ngumu kuliko zote, maana mgeni anatafuta kitufe sekunde kumi na vidole vinakuwasha, unamnyang'anya kibodi, unafungua terminali, lile dirisha jeusi la kuandika amri, ta ta ta mistari mitatu, imekubali, wewe umefurahi, na yeye ameshajua hii kitu siyo ya watu kama yeye.

"Kaka, mbona Word haipo?" Nikamwambia fungua hiyo inaitwa LibreOffice Writer, kisha fungua mkataba wowote wa mteja. Akafungua wa kupangisha chumba, akaukagua kama anatafuta noti bandia. "Herufi siyo zilezile." Ni kweli, ilikuwa Calibri, LibreOffice inaweka Carlito badala yake, vipimo vilevile ili mistari isihame. Usibishane naye wala usimwambie hiyo siyo ishu, kwake ni ishu, mteja atarudisha karatasi. Hapohapo jaribu printa, kabla ya kuinstoo chochote. Printa ikigoma hapo, siku hiyo funga flashi yako uende ukasome kwanza.

Nne, nakala. Mimi niliwahi kubonyeza ile ya kufuta diski nzima kwenye laptopu ya shemeji nikiwa najiamini, na picha za sendofu yake zilikuwa zimekaa desktopu. Mpaka leo nikienda kwao nakaribishwa maji tu. Kwa hiyo kopi kila kitu kwenye diski ya nje, fungua faili tatu nne uone zinafunguka, ndo uinstoo. Kama nafasi ipo acha Windows pembeni, mtu akijua anaweza kurudi anakuwa na ujasiri wa kubaki.

Tano, mengine ni ya haraka: weka Writer iwe inasevu yenyewe kwa docx, aina ya faili ya Word, washa Timeshift ili mfumo ukiharibika urudi ulivyokuwa jana, muonyeshe kitufe cha apdeti. Terminali mwezi wa kwanza usimtajie.

Halafu wiki mbili za mwanzo pokea simu zake. Swali lilelile mara ya tatu, lijibu kama la kwanza, na ole wako umwambie "si ugugo". Wewe ulishikwa mkono na watu usiowajua hata sura, wakakujibu saa nane usiku.

Na usidhani kuichangia Linux ni kwa waandika programu tu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa OpenOffice, programu za ofisi za bure, kwa Kiswahili, wakaiita Jambo, ile ilikuwa kazi ya maneno. Leo Mint inatafsiriwa kwenye tovuti ya Launchpad, LibreOffice kwenye Weblate, unafungua akaunti bure unaanza kupendekeza. Nilimgusia yule dada hayo tukinywa chai, nikamuuliza yeye "kuprinti" angeandikaje, chapa au chapisha. Akacheka. "Kaka, hapa mteja ukimwambia chapa anajua nitamtaipia, chapisha anadhani gazeti. Andika toa karatasi." Tumebishana hadi chai ikapoa, na akaunti ya Weblate ameshafungua.