Swift Sport na Vitz RS inayogonga, kuvuta au kuyumba: tafuta ugonjwa kwanza, spea baadaye

Hizi gari ndogo za moto, Swift Sport, Vitz RS, Fit RS, na Golf GTI kwa wale wenye roho ngumu, ziko nyingi tu Arusha na Moshi siku hizi, na kila mwenye nayo ipo siku atasema "kaka, gari imeanza kucheza". Jibu la gereji nyingi liko tayari hata jeki haijaingia chini: shokapu zimekufa, leta hela. Unabadilisha mbili za mbele, unatoka pale umefurahi, unafika Sakina inagonga vile vile.

Kugonga, kuvuta upande na kuyumba ni magonjwa tofauti, kwa hiyo swali la kwanza ni LINI inafanya hivyo. Kwenye tuta? Ukikanyaga breki? Ukifika 90 kwenye lami? Ukikata kona tu? Gari ikiwa ya baridi asubuhi au hata ikishapata moto? Andika kwenye simu, maana ukifika kwa fundi na kelele za pale utasahau nusu.

Anza na tairi, na sisemi hivi kwa sababu ni rahisi kukagua tu, ni kwa sababu tairi ndo zinasingizia vitu vingine vyote. Upepo sahihi uko kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva, achana na ile ya "weka 35 zote" ya kijana wa panchari. Pima asubuhi kabla gari haijatembea. Joto likibadilika nyuzi 5 au 6 upepo unabadilika kama psi 1, sasa mtu anatoka Arusha, anapiga kilomita 80 mpaka Moshi na jua la Boma Ng'ombe, anafika anapima anakuta umepanda anaupunguza, kesho kutwa yuko Arusha asubuhi ya mwezi wa saba na baridi yake tairi ziko chini na gari nzito kwenye kona anashangaa. Kwenye tairi ya ubavu mfupi kama 195/50 R16 ya Swift Sport, kushoto na kulia vikitofautiana psi nne unaanza kusikia kwenye usukani.

Halafu ziangalie na uzipapase. Imeliwa kingo zote mbili, imetembea na upepo mdogo. Imeliwa katikati, upepo mwingi. Imeliwa upande wa ndani tu, alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) imeharibika au kuna kitu kimepinda. Pitisha kiganja juu ya meno kutoka nje kwenda ndani halafu urudishe: ukisikia njia moja laini na nyingine inakwaruza, tairi inaburuzwa pembeni, yaani mbele haziangalii moja kwa moja. Ikiwa imeliwa mabaka mabaka, pale imeliwa pale haijaliwa, HAPO ndo unaweza kuanza kufikiria shokapu, au balansi (uzito wa gurudumu kutokuwa sawa pande zote). Angalia na umri, zile namba nne za mwisho kwenye msururu wa DOT ubavuni mwa tairi, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zinapendeza kwa meno lakini ukikuta imekauka na ina nyufa ubavuni usitegemee gari ishike kona hata uiwekee shokapu za dhahabu.

Gari inavuta kushoto? Kwanza jua sisi tunaendesha kushoto na lami nyingi imeinamia pembeni ili maji yatoke, kwa hiyo kuelea kidogo kushoto ni barabara, sio gari. Jaribu sehemu iliyo tambarare kweli, au kama kuna eneo pana na salama pita upande mwingine wa mwinamo uone. Kama bado inavuta, hamisha tairi za mbele, ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto (kama hazina mshale wa mwelekeo, zenye mshale badilishana mbele na nyuma). Uvutaji ukihamia upande wa pili au ukipotea, ugonjwa ni tairi, umemaliza, hujatumia hata mia. Ukibaki pale pale, endesha kidogo bila kukanyaga sana breki halafu sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa diski. Upande mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake, breki imeng'ang'ania, na hiyo wengi wanaishia kuitibu kwa alaimenti.

Mtetemo. Unaoanza kama 80 hivi, unazidi mpaka 100, halafu unapungua ukipita hapo, mara nyingi ni balansi. Ukiusikia kwenye usukani ni magurudumu ya mbele, ukiusikia kwenye kiti ni ya nyuma. Sasa kabla hujaenda kulipia balansi chungulia ndani ya rimu! Masika ukishapita njia za ndani za Njiro au ukapanda Kibosho, tope linaganda ndani ya rimu, likikauka linakuwa kilo ya udongo upande mmoja na gari inatetemeka kama ina malaria. Osha kwa ndani kwanza. Kama hakuna tope, inua gurudumu ulizungushe huku umeshika kijiti karibu na ukingo wa rimu, ukiona ukingo unasogea na kurudi rimu imepinda, shimo limekupa zawadi. Mtetemo wa kwenye breki tu, angalia diski. Wa kwenye kukanyaga mafuta tu, hasa gia ndogo ukipanda mlima, angalia sivi jointi za ndani (viungo vya ekseli upande wa giaboksi) na maunti za injini (raba zinazoishikilia).

Kwa majaribio ya mwendo tafuta kipande kitupu, baipasi ya Arusha asubuhi mapema inatosha, na 80 inatosha. Tafadhali usijaribie gari unayoishuku pale mteremko wa Kikafu, ile kona na daraja haitaki utafiti. Na wale trafiki wa tochi ya kupima mwendo hawataki kusikia habari za stabilaiza yako, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona.

Kugonga ndo kuna mambo mengi. Mlio mwepesi wa "tak tak tak" mwendo mdogo kwenye rafu rodi, lakini ukipanda tuta taratibu kwa magurudumu yote mawili haugongi, hiyo shuku stabilaiza linki, kijiti kinachounganisha stabilaiza na upande wa gurudumu. Fundi ataiinua gari upande mmoja, ataishika linki, atakwambia ngumu, nzima hii. Tatizo ni kwamba upande mmoja ukiwa juu, stabilaiza inajikaza na kuificha ile nafasi. Ikague magurudumu yote mawili yakiwa chini au yote mawili yakiwa hewani. Njia ya uhakika zaidi, fungua linki zote mbili, zifunge pembeni kwa waya zisiguse kitu, zunguka mtaani taratibu. Kimya? Umeshampata mwizi. Ila bila stabilaiza gari inalala sana kwenye kona, kwa hiyo ni mtaani tu na polepole.

Mlio mzito wa "dugu" mara moja ukifunga breki au ukitoka rivasi kwenda mbele, hiyo ni bushi (kiungo cha raba) ya wishiboni, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, mara nyingi ile kubwa ya nyuma. Dalili nyingine yake ni gari kupinda kidogo ukikanyaga breki na kupinda upande mwingine ukiachia. Weka mtarimbo mdogo kati ya wishiboni na chesisi usukume, raba ikiwa imechanika utaiona inafunguka. Na hapa nisikilize vizuri: bushi mpya, boliti zake zinakazwa mwisho GARI IKIWA IMESIMAMA KWA MAGURUDUMU YAKE. Ukikaza wishiboni ikiwa inaning'inia, gari ikishuka ile raba inakaa imesokotwa siku zote na itachanika mapema, halafu utalaumu duka limekuuzia feki. Mafundi wengi hawafanyi hivi kwa sababu ni shida kuingia chini gari ikiwa chini. Simama pale uwaombe kwa heshima, mpe na soda.

Mlio wa springi, "twoing", ukizungusha usukani gari imesimama: fungua boneti, weka mkono juu ya maunti ya shokapu, mtu mwingine azungushe. Ukisikia inaruka chini ya mkono ni maunti au beringi yake ya juu, vumbi letu linazimaliza. Hiyo hiyo ikikaza inafanya usukani usirudi wenyewe baada ya kona, unatoka kiplefti cha Impala na gari inataka kuendelea kuzunguka.

Kutafuta nafasi kwenye gurudumu: inua mbele, weka stendi, usilale chini ya gari iliyoko kwenye jeki peke yake na usiweke tofali, tofali linapasuka bila taarifa. Shika tairi mkono mmoja juu kabisa mwingine chini kabisa utikise, hapo unasikiliza bolijointi (kiungo cha mwisho wa wishiboni) na beringi ya gurudumu. Kisha mikono kushoto na kulia, hapo ni tairodi endi na raki, yaani vyuma vinavyopeleka usukani kwenye magurudumu. Ukikuta inacheza, mwambie mdogo wako akanyage breki huku unatikisa: nafasi ikipotea ni beringi, ikibaki ni jointi. Beringi ina na mlio wake, "uuuu" unaopanda na mwendo. Ukipinda kulia taratibu uzito unahamia kushoto, kelele ikizidi hapo beringi ya kushoto ndo mgonjwa. Kelele inayobadilika ukitoka lami moja kuingia nyingine ni tairi tu.

Sasa ndo tufike kwenye shokapu. Kubonyeza gari kwa mkono na kuhesabu inavyoruka kunakamata zilizokufa kabisa tu, zilizochoka haikuonyeshi. Angalia mwili wa shokapu: ukungu mwembamba wa mafuta usikutishe, lakini ikiwa imelowa na vumbi limeganda mpaka chini, imekwisha. Barabarani, pita tuta ukiwa taratibu, mbele ikiendelea kupanda na kushuka baada ya tuta kuisha, au kwenye kona yenye mawimbi gurudumu linarukaruka na gari inasogea nje kidogo kidogo, badilisha, mbili kwa mbili. Kama gari ina springi zilizokatwa, usitafute ugonjwa mwingine kwanza. Inatembea imelalia vile vimpira vya juu kwenye rodi ya shokapu, katikati ya kona inakuwa ngumu ghafla na pua inagoma kuingia. Upande wa pili wako walioweka spesa kuinua gari kwa ajili ya mashimo. Nawaelewa kabisa kwa barabara zetu, ila ukishainua lazima alaimenti ipimwe upya, na sivi jointi zinafanya kazi kwenye pembe mbaya.

Pua kugoma na mkia kutoka. Pua ikigoma angalia upepo wa mbele, tairi za mbele, halafu hayo ya juu. Mkia: vigari hivi ni vifupi na vyepesi nyuma, ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona mkia kujisogeza kidogo ni tabia yao. Lakini ukijisogeza kwa mwendo wa kawaida, au ukihama leni gari inaitika mara mbili, mbele kwanza nyuma baadaye, kagua bushi mbili za ile boriti inayounganisha magurudumu ya nyuma (Golf GTI nyingi hazina boriti hiyo). Na tairi nzuri zaidi ziende nyuma, hata kama gari inavuta kwa mbele. Mvua ya kwanza ikinyesha kwenye lami yenye vumbi la Kisongo utaelewa kwa nini.

Alaimenti inakuja mwisho kabisa, vitu vyote vikishakazwa, upepo ukiwa sawa. Omba vipimo vya kabla na baada vimechapishwa. Mbele nyingi za gari hizi kinachorekebishika kirahisi ni tairodi tu. Mlalo wa tairi, yaani juu yake ilivyoinamia ndani au nje, ukitofautiana kushoto na kulia zaidi ya nusu digrii, uliza kilichopinda kabla hujakubali kuambiwa "iko ndani ya kiwango". Nyuma kwenye boriti hakuna cha kuzungusha, namba ikiwa mbaya kule ni bushi au boriti yenyewe imegongwa. Kabla hujalipa toka na gari, rudia kile kipande kile kile ulichojaribia mwanzo, na kama usukani umekaa upande huku gari inaenda moja kwa moja, geuza urudi hapo hapo, wamezungusha tairodi ya upande mmoja tu.