Kuwapisha farasi na watembeaji ukiwa na baiskeli ya milimani

Kwenye njia nyingi za pamoja Marekani, kibao cha pembetatu kinaeleza utaratibu: mwenye baiskeli huwapisha wote, mtembea kwa miguu humpisha farasi. Farasi ndiye wa kuchunga zaidi. Ukimwona, simama mita 30 kabla, shuka, sogea upande wa bondeni, maana akishtuka mara nyingi hukimbilia juu. Msemeshe mpanda farasi kwa sauti ya kawaida: sauti ya mtu humtuliza mnyama, baiskeli inayonyemelea kimya humtisha. Ukitokea nyuma, salimia, uliza upite upande gani, subiri jibu. Usipande tena mpaka awe mbali.

Kwa watembeaji, punguza mwendo kabla ya kona. Ukichelewa utafunga breki, na gurudumu linaloburuzika huchimba njia.